Karatasi ya Kiungo cha Tatu

Hirbo Dukicha alikuwa amechomelea vyuma mjini Garsen kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakutokea mtu wa kumtaka athibitishe kwamba kazi anaijua. Watu walimletea mikokoteni ya punda iliyovunjika, mageti, matangi na mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Waliacha vyuma vyao asubuhi, wakavifuata jioni. Kama kitu kilivunjika tena baadaye, basi kilivunjikia mahali pengine, si pale alipopashika yeye. Kwa mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, akaja mjini baada ya ukame kuwamaliza ng'ombe wenyewe, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Ndipo likaja jambo la daraja. Upande wa Chara kuna mkono wa mto ambao mvua ikinyesha juu huko unafurika na kuwatenga watu na barabara, wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Sasa lilikuwa linajengwa daraja la chuma la kupita watu na mifugo. Mihimili yake mirefu ingeungwa katika yadi moja iliyo kando ya barabara pale Garsen, kisha ipelekwe kwa lori. Hirbo aliajiriwa kuwa fundi mkuu wa kuchomelea. Msimamizi wa yadi alikuwa Philemon, Mpokomo wa Wenje, mtu mpole aliyezoea kutembea na kalamu nyuma ya sikio. Na mhandisi aliyetumwa na kampuni alikuwa binti wa Kipini aitwaye Esha Nassir, hajatimiza miaka thelathini, ambaye siku ya kwanza tu alisema hakuna mhimili utakaoguswa kabla utaratibu wa kuchomelea haujajaribiwa.

"Si wewe unayejaribiwa, mzee," alimwambia Hirbo, kwa kuwa alimwona amekunja uso. "Ni utaratibu. Tunaandika namna ya kuunga, tunaunga vipande vya majaribio vilevile kama ilivyoandikwa, halafu tunavivunja tuone ndani. Vikiwa vizuri, fundi yeyote mwenye mkono mzuri ataifuata karatasi ile, awe hapa, awe Hola, na sisi tutakuwa na hakika."

"Na vikiwa vibaya?"

"Tunabadilisha karatasi, tunaanza tena."

Hirbo aliitikia kwa kichwa. Aliona ni njia ndefu ya kufikia jambo fupi, lakini hakusema.

Viungo vilikuwa vya aina tatu, na kila kimoja kilikuwa na karatasi yake. Cha kwanza kilikuwa cha mabati mawili yanayopishana, moja limelala juu ya ukingo wa mwenzake, kama yatakavyokaa yale ya kukanyagia. Cha pili kilikuwa cha bati lililosimama wima juu ya lingine, mfano wa herufi T, kwa ajili ya nguzo za kingo. Cha tatu ndicho kilichobeba daraja lenyewe: vyuma vinene viwili vinavyokutana ncha kwa ncha, ncha zake zimechongwa mshazari ili katikati pabaki bonde la kujazwa. Esha alieleza kwamba huwezi kupima kimoja ukadhani umepima vyote, maana chuma kilicholala juu ya chuma hakinywi moto sawa na chuma kilichokutana na mwenzake uso kwa uso. Hilo Hirbo alilijua siku nyingi, ila hakuwahi kulisikia likisemwa na mtu mwingine.

Karatasi zilikuwa zimeandaliwa katika ofisi ya kampuni huko Mombasa. Esha alizisoma kwa sauti mbele ya wote: unene wa rodi, kiasi cha moto, upana wa mwanya, idadi ya mishono na mpangilio wake. Hirbo alisikiliza huku macho yake yakiwa chini. Alikuwa na sikio la mchungaji, likisikia jambo mara moja halisahau, na sikio hilo ndilo lililomficha maisha yake yote ya ufundi. Namba alizijua. Maneno hakuyajua. Hapo yadini hakuna aliyelifahamu hilo.

Kiungo cha kwanza walikimaliza kabla ya adhuhuri, kikapita. Cha pili wakakifanya alasiri. Esha aliamuru kipande cha T kivunjwe kwa jeki, chuma kikalalamika, kikalala polepole, kisha kikapasuka kwa mlio mmoja. Akapiga magoti na kulitazama jeraha kwa kioo cha kukuzia.

"Safi mpaka ndani," akasema. "Mzee, una mkono."

Hirbo alijifanya hakusikia, akaenda kuizungusha waya ya mashine. Lakini jioni ile alitembea kwenda nyumbani kwa hatua nyepesi.

Kesho yake wakaingia kiungo cha tatu. Karatasi ilisema rodi nene zaidi, na moto wa ampea mia na kumi na tano kwa mshono wa kwanza, ule wa chini kabisa ambao mafundi huuita mzizi. Esha alisoma, Hirbo akaenda kwenye mashine na kukizungusha kitufe mpaka namba mia na kumi na tano.

Mkono wake ulisita hapo. Mashine ile, kama ilivyokuwa ikila umeme wa jenereta kuukuu la yadi, haikuwa ya kuaminiwa kwenye namba kubwa. Chini ya themanini ilisema kweli, na ndiyo maana viungo viwili vya mwanzo, vilivyoungwa kwa rodi nyembamba, havikuwa na neno. Lakini ikishapita mia ilianza kusema uongo, na kadiri ulivyopanda ndivyo uongo ulivyokua. Kwa chuma kinene kama kile, yeye angekizungusha kitufe mpaka karibu mia na hamsini, kisha akaacha sikio limwambie.

Akashusha kioo cha uso, akagusisha rodi. Moto uliwaka, lakini sauti ilikuwa mbaya. Moto uliotosha huvuma kama mafuta yanayokaanga kitu taratibu, bila kukatika. Huu ulikuwa ukikohoa. Aliona chuma kilichoyeyuka kikikaa juu juu, hakitaki kuzama kwenye bonde. Akainua mkono, akakitazama kitufe. Esha alikuwa amesimama kando na saa na daftari lake. Ilikuwa ni kusema tu.

Hakusema. Miaka tisa nyuma, katika mradi mmoja wa mfereji, alimwambia msimamizi mmoja kwamba bawaba za lango la maji zilichorwa upande usiofaa. Msimamizi yule alimpa mchoro mbele ya vibarua kumi na kitu, akamwambia, "Nionyeshe." Hirbo aliushika mchoro juu chini. Wakacheka, na mmoja wa waliocheka alikuwa mkwewe. Lango lilivunjika mvua zilipokuja, lakini hakuna aliyerudi kumwambia kwamba alisema kweli. Tangu siku hiyo alijiwekea sharti: mwenye karatasi akisema, wewe fanya.

Basi akafanya. Alijaza lile bonde mshono juu ya mshono kama ilivyoandikwa, kwa mkono mzuri na moto usiotosha, na juu kabisa mshono ulionekana mzuri hata Philemon akausifu.

Chuma kilipopoa walikikata vipande vinne vyembamba, wakavilaza kimoja kimoja kwenye kikalibu na kuvikunja kwa jeki mpaka vikawa mfano wa kiatu cha farasi. Viwili vilivyokunjwa uso wa juu ukiwa nje vilivumilia. Viwili vilivyokunjwa mzizi ukiwa nje vilifunguka kama mdomo wa samaki.

Esha alivitazama kwa muda mrefu. "Rodi zimepata unyevu," akasema mwishowe. "Hewa ya mtoni. Tutazikausha, turudie."

Walizikausha kwenye tanuri dogo nusu siku nzima, wakarudia, kwa namba ileile. Vipande vya mzizi vikafunguka tena.

Asubuhi ya siku ya tatu ya kiungo hicho Hirbo alifika na kumkuta Philemon akizungumza kwa simu nyuma ya lori, mgongo umemgeukia. "Hapana, chuma ni kizuri," alikuwa akisema. "Labda ni mkono wa fundi. Ni mtu mzima sasa." Akanyamaza, akisikiliza. "Sawa. Jaribio moja tena. Likishindikana, mihimili iungwe huko Mombasa, sisi tutafunga tu."

Hirbo alirudi nyuma bila kuonekana, akakaa juu ya pipa. Neno la Mombasa lilimwuma, kwa sababu vijana wanane wa Garsen walikuwa wakingoja kazi ile ya mihimili. Lakini neno la mkono ndilo lililomwingia zaidi. Aliufungua mkono wake wa kulia akautazama, akaufumba.

Saa saba alikwenda nyumbani kula. Mkewe Bishara alimwekea wali na maziwa ya mgando, akakaa mbele yake, akaona hali.

"Baba Abdinur, nini?"

Akamweleza yote, mashine, namba, vipande vilivyofunguka, simu ya Philemon. Bishara ndiye mtu pekee aliyejua habari ya kusoma. Miaka yote yeye ndiye aliyemsomea barua za shule na ujumbe wa simu.

"Na wewe ulijua tangu rodi ya kwanza," akasema Bishara.

"Nilijua."

"Huyo binti amekucheka hata siku moja?"

Hirbo akafikiri. "Hajanicheka."

"Basi kwa nini umlipize kosa la mtu wa mfereji?"

Hirbo alikula nusu ya chakula, akanawa mikono, akachukua kofia yake. Njiani alisimama kulipisha kundi la ng'ombe lililokuwa likishuka malka, ile njia yao ya kwenda kunywa mtoni, vumbi limewafunika mpaka masikio. Mchungaji alimsalimu kwa Kiorma. Hirbo akamjibu, na ng'ombe wa mwisho alipopita bado alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, akitafuta maneno ya kuanzia.

Esha alikuwa peke yake chini ya paa la mabati. Alikuwa amevipanga vipande vilivyoshindwa juu ya meza kwa safu, na amekalia ndoo iliyopinduliwa, kidevu kimeshikwa na mkono. Mchangamko wa siku ya kwanza ulikuwa umemtoka.

"Injinia," Hirbo akasema. "Karatasi ile ina kosa."

Esha aliinua kichwa. Hakukasirika wala hakushangaa sana. Aliichukua karatasi ya kiungo cha tatu, akamnyooshea. "Nionyeshe wapi, mzee."

Lilikuwa neno lilelile. Hirbo aliishika karatasi. Mistari ilikuwa mingi, myeusi, imebanana, na katikati yake aliziona namba zake chache zimesimama kama watu anaowafahamu katika soko la ugenini. Angeweza kuiwekea kidole ile mia na kumi na tano na kunyamaza. Ingetosha. Lakini alihisi kwamba akifanya hivyo, kesho ataulizwa lingine, na keshokutwa lingine.

"Sijui kusoma," akasema. "Namba nazijua. Maneno siyajui."

Nje lori lilipita likielekea Minjila, mabati ya paa yakatetemeka.

"Haya," Esha akasema, akaichukua karatasi taratibu kutoka mkononi mwake. "Nitasoma mimi. Nikifika penye kosa, unisimamishe."

Akaanza juu kabisa, mstari kwa mstari, bila haraka, kama mtu asomaye barua ya nyumbani. Aina ya chuma. Unene. Pembe ya mchongo. Mwanya. Rodi. Alipofika kwenye kiasi cha moto Hirbo akasema, "Hapo."

Akamweleza. Alimweleza mashine inavyosema kweli chini ya themanini na inavyodanganya juu ya mia, sauti ya moto inayokohoa, chuma kisichotaka kuzama. Esha alisikiliza mpaka mwisho, uso ukimbadilika. Kisha akasimama, akaenda kwenye mkoba wake, akatoa kifaa kidogo cha manjano chenye meno kama ya kaa, mita ya kupimia umeme unaopita ndani ya waya.

"Weka kitufe mia na kumi na tano," akasema. "Chomelea chuma chochote kibovu."

Hirbo akawasha moto juu ya kipande cha taka. Esha akaibana waya kwa mita, akasoma, akasoma tena.

"Themanini na tisa," akasema. Akakaa kwenye ndoo yake. "Mbona hukuniambia, mzee? Siku tatu hizi. Kile chuma chote tulichokikata."

"Wewe ndiye uliyesoma."

"Mimi nimesoma, na mita hii imo ndani ya mkoba tangu siku ya kwanza. Niliiamini namba ya mashine kwa kuwa imeandikwa." Sauti yake ilikuwa na uchungu, na Hirbo akaona kwamba sehemu kubwa ya uchungu huo haikuwa juu yake. "Nilikuita ufanye, sikukuuliza. Nisamehe."

"Na mimi nilinyamaza. Tumegawana makosa."

Esha akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Lakini nikwambie kitu. Karatasi haikukosea. Inataka mia na kumi na tano za kweli. Aliyekosea ni mashine."

Hirbo alilipokea hilo kwa shida kiasi. Alikuwa amekuja kuishtaki karatasi.

Kisha Esha akafanya jambo ambalo Hirbo alimsimulia Bishara jioni ile, na baadaye akawasimulia wengi. Alichukua utepe mweusi, akazifunika namba zote za kitufe, hata moja isionekane. "Weka moto unaoutaka wewe," akasema, "kwa sikio tu."

Hirbo alizungusha, akagusisha rodi, akasikiliza. Akarudisha kidogo. Akagusisha tena. Moto ukatulia, ukavuma bila kukatika. "Huu," akasema chini ya kioo chake.

Esha akabana waya. "Mia na kumi na sita."

Wakaurudia mchezo ule mara nne, akivuruga kitufe kila mara. Mia na kumi na tatu. Mia na kumi na saba. Mia na kumi na tano kamili. Philemon alirudi kutoka kula, akasimama mlangoni akiwatazama mhandisi na fundi wake wakifanya kitu asichokielewa, na alipoelezwa aliiondoa kalamu sikioni, akairudisha, akasema, "Baba Abdinur, nilikusema vibaya kwenye simu."

"Nilisikia," Hirbo akasema. "Twende kazi."

Kiungo cha tatu kiliungwa upya alasiri hiyohiyo, mita ikiwa kwenye waya tangu mwanzo hadi mwisho. Wakaacha chuma kipoe chenyewe. Asubuhi iliyofuata walikikata, wakakikunja. Kipande cha kwanza cha mzizi kilikwenda mpaka mwisho bila kufunguka. Cha pili kilikwenda mpaka mwisho, kikaonyesha ufa mdogo sana pembeni. Hirbo aliinama akauona. Esha akauwekea kipimo.

"Milimita moja. Inaruhusiwa mpaka tatu. Kimepita."

"Ule ufa umetoka wapi?"

"Kimepita, mzee."

"Nimesikia. Umetoka wapi?"

Wakakaa wakautafuta. Hirbo akakumbuka kwamba pale ndipo alipobadilisha rodi, na mshono mpya haukupanda vizuri juu ya mkia wa ule wa zamani. Akamweleza Esha jinsi anavyofanya siku zote, na jana hakufanya kwa kuwa karatasi haikutaja: kuusaga mkia wa mshono uliokatika kwa grainda mpaka uwe mteremko, ndipo uanze mwingine nyuma yake kidogo. Esha akaandika. Kisha akamwuliza mengine, moto ukitosha unavuma vipi, mkono unatulia wapi, unapita haraka wapi, rodi inainama kiasi gani, na yote akayaandika kwa Kiswahili chepesi chini ya zile namba za Mombasa. Alipomaliza alimsomea mara mbili. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya jina la aliyechomelea. Akamsomea na hilo pia: Hirbo Dukicha Galma. Hirbo akatia kidole gumba chenye wino, bila kukificha.

Wiki mbili baadaye kazi ya mihimili ilikuwa imepamba moto, na kampuni ikaongeza fundi mwingine, mwanamke wa Kigiriama aitwaye Kanze, aliyekuja na kioo chake cha uso na glavu zake mwenyewe. Esha alimpa karatasi ya kiungo cha tatu, akamwachia nusu saa aisome, kisha akamwekea chuma cha majaribio. Hirbo alikuwa upande wa pili wa yadi akipima mhimili, amempa mgongo. Alisikia moto wa Kanze ukiwaka, ukikohoa kidogo, kisha ukatulia na kuvuma.

Aliacha kupima. Aliusikiliza mshono wote wa kwanza mpaka ukaisha. Ulikuwa mvumo wake mwenyewe, unatoka kwenye mkono wa mtu ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi.

Kanze alipoinua kioo alimkuta Hirbo amesimama karibu. Akamwamkia. "Shikamoo, mzee. Nina swali. Hapa pameandikwa utoe ganda la mshono kwa brashi ya waya kabla ya mshono wa pili. Langu limeng'ang'ania pembeni, brashi haifiki."

"Marahaba. Brashi haitoshi," Hirbo akasema. "Tumia patasi kwanza, brashi baadaye. Nilisahau kusema." Akageuka, akamwita Esha aliyekuwa akinywa chai na Philemon kivulini. "Injinia, leta kalamu. Kuna neno limebaki."

Esha akaweka kikombe chini, akaja.